Minazi ya Jirani Ndani ya Seng'enge

Shamba letu liko Mkongani, kwenye mteremko, na enzi zote za baba yangu halikuwa na ua wa aina yoyote. Mpaka wake ulikuwa maneno tu. Kutoka mkorosho huu mpaka kichuguu kile ni kwetu, kutoka kichuguu kuteremka bondeni ni kwa wengine, basi. Kichuguu kilikuja kikabomolewa na mvua, na maneno yakabaki palepale. Walioshindwa kuyashika maneno hayo ni mbuzi.

Sisemi kwa uchungu. Mbuzi naye ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu na amepewa tumbo kama sisi. Lakini ilifika mahali mihogo yangu ikabaki vijiti, na mchicha wa mke wangu haukuwahi kufika sufuriani. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi katika hoteli moja kule Galu, upande wa stoo ya jikoni, na kila asubuhi huona bilinganya na pilipili hoho zikishushwa kutoka magari yaliyokesha njiani. Akaja nyumbani na wazo lake. Ardhi tunayo, maji ya kisima tunayo, kwa nini bilinganya zitoke mbali? Nikamwambia awaulize mbuzi. Mwezi uliofuata akaleta seng'enge.

Ilikuja kwa pikapu kutoka Ukunda, mabunda mazito ambayo watu wawili waliyabeba kwa kuyapitishia mti katikati. Nilimshukuru Mola aliyenipa mtoto anayekumbuka kwao. Mke wangu aliyazunguka yale mabunda, akagusa mwiba mmoja kwa ncha ya kidole, akasema, "Mbuzi wamekwisha. Nyani wao wameletewa pembea."

Ijumaa ile, baada ya sala, niliwaambia wenzangu nje ya msikiti kwamba Mungu akipenda wiki ijayo nafunga shamba. Nilisema hivyo hivyo, nafunga shamba. Mzee mmoja alinitazama kidogo, akasema ni vyema, siku hizi mtu asipofunga hali kitu. Nikaitikia, tukaagana.

Hapa ni lazima nieleze habari ya minazi, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo.

Upande wa chini wa shamba imesimama minazi minne isiyokuwa yangu. Ardhi ni yangu, minazi ni ya jirani yangu, bibi mmoja aliyenizidi umri kwa miaka michache. Kwetu pwani jambo hili si geni. Ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na kilichosimama juu yake kikawa na mwenyewe mwingine. Baba yake na baba yangu walisaidiana kufyeka msitu, na walipomaliza baba yangu alimwambia mwenzake, panda minazi yako pale chini. Ardhi ni yangu, minazi ni yako wewe na kizazi chako. Hayakuandikwa popote. Kila mwenye minazi alipoangua, nazi mbili zilikuja kuwekwa kizingitini kwetu. Haikuwa kodi. Ilikuwa salamu ya mwenye mti kwa mwenye ardhi. Na sisi hatukuokota hata kidaka kilichopukutika chini ya minazi ile bila kumwambia mwenyewe. Wazee wetu walipotangulia mbele ya haki, jirani yangu huyu aliendelea kuleta nazi mbili na mimi nikaendelea kutookota.

Baadaye walikuja watu wa kupima ardhi na kamba zao na vyuma vyao, nikapewa hati. Katika hati kuna mistari na namba. Mnazi wa jirani haumo.

Huyu dada, nitamwita hivyo kwa kuwa ndivyo nimwitavyo, ni mjane. Ana binti mmoja aliyeolewa mbali. Kwa minazi ile hupata nazi za kukamulia mafuta, makuti ya kusuka, na vifuu vya kuwashia moto. Hana shamba jingine, ila kiwanja alichojengea nyumba. Nilipokuwa mtoto alinibeba mgongoni, na mpaka leo tukiwa wawili huniita mdogo wangu. Mbele za watu huniita Maalim, kwa sababu nimesomesha chuo cha Kurani miaka mingi na wengi wa vijana wa huku walianzia alifu mikononi mwangu.

Fundi wa ua nilielekezwa na watu. Ni mtu wa bara, amekaa kule kwenye mashamba ya skimu yaliyogawiwa na serikali, ng'ambo ya bonde, tangu ujana wake. Mkristo mshika dini, hafanyi kazi Jumapili hata umsihi vipi. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayemwogopa Mungu siku moja kwa wiki bila kuteleza, unaweza kumkabidhi shamba siku zilizobaki.

Alianza na pembe. Aliniambia ua ni pembe, mzee. Pembe ikilegea, waya wote unalala kama kamba ya kuanikia nguo. Alichimba mashimo mpaka mkono wake ukapotea ndani kufikia bega, akasimamisha nguzo za mvinje, akaziegemezea miti ya mshazari ili zisivutwe. Miguu ya nguzo aliipaka oili chafu ya magari, mara moja jioni na mara nyingine asubuhi, maana mchwa wa kwetu humaliza nguzo kabla hujamaliza kuisifu. Kisha akavuta uzi kutoka pembe hadi pembe. Kazi yangu ilikuwa kushika uzi. Akikaza seng'enge kwa mtaimbo ilikuwa inalia, na yeye aliigonga kwa kidole na kuinamisha sikio, akitaka sauti fulani. Ikitoka nyingine, alilegeza akaanza upya. Nilimngoja kwa raha. Nami nimeketi miaka nikingoja mtoto aitoe herufi mahali pake kooni.

Alipokaribia upande wa chini tulipata habari ya msiba. Shangazi yake mke wangu alikuwa amefariki Msambweni. Tulifunga virago asubuhi ile ile. Nikamwonyesha fundi mstari kwa mkono: ushuke hivi, ukifika kwenye minazi upinde, upande hivi ukutane na nguzo ya kwanza. Sikumwambia minazi ni ya nani. Kwetu hakuna aulizaye, kwa hiyo hakuna akumbukaye kueleza.

Tulikaa Msambweni mpaka hitima ikasomwa. Tuliporudi, mtu wa kwanza kukutana naye barabarani alikuwa mkwezi wetu, yule anayewaangulia watu nazi Mkongani nzima. Kijana mcheshi, nilimfundisha mimi mwenyewe, na Kurani yake ni nzuri kuliko tabia yake. Alinipa shikamoo, akanipa pole ya msiba, kisha akanivuta kando mke wangu asisikie.

"Maalim," akasema, "sisi tunahangaika mpaka Tanga, kumbe kitu kiko chuoni."

Nikamuuliza kitu gani.

"Siri yako, sikuulizi. Lakini mimi ni mwanao. Nina mahindi yangu pale juu, yananimaliza roho. Nielekeze tu kwa aliyekufungia."

Nikafikiri anamtaka fundi. Nikamwambia ni mtu wa bara, anakaa kule skimu, mpole, na kazi yake safi.

"Mtu wa bara?" Akapiga mluzi mdogo. "Ndiyo maana ikawa kali."

Nami, nikitaka kumpatia yule fundi kazi nyingine, nikazidi kumsifu. Nikasema akishafunga yule hakipiti kitu, na anayejaribu atajuta. Mkwezi akanitazama kwa heshima ambayo sijapata kuiona machoni mwake hata siku aliyohitimu juzuu. Akaniaga kwa mikono miwili.

Nilifika shambani, nikateremka kuiona kazi. Waya ulikuwa umenyooka vizuri pande tatu. Kilichonishangaza ni nazi. Chini ya minazi zilikuwa zimelala nazi kavu nyingi, na makuti yaliyoanguka yamelala juu yake, na hakuna aliyeziokota. Jirani yangu huziokota kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikainua macho. Kila mnazi ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu kiunoni, na kwenye ule wa mwanzo ilining'inia chupa iliyojaa kitu cheusi kizito.

Msomaji wa pwani amekwisha kuelewa. Kwa asiyekuwa wa huku nitaeleza. Kuna watu ambao, wakitaka kulinda mazao yao dhidi ya wezi, huenda kwa mganga wakapewa kago, ambalo hutundikwa mtini au kufukiwa shambani, na inaaminiwa kwamba atakayekula cha pale bila ruhusa atavimba tumbo, au mkono utamkauka. Kago huonekana hivyo hivyo: kitambaa chekundu, na kichupa cha kitu kisichojulikana. Na kitendo chenyewe huitwa kufunga. Fulani amefunga shamba lake. Hilo ndilo neno nililolitangaza mwenyewe mbele ya jamaa waliotoka kusali. Mimi ambaye kila Alhamisi huwaambia watoto chuoni kwamba riziki hailindwi kwa chupa.

Fundi alikuwa ameketi nyuma ya nguzo akila muhogo wake. Nikamuuliza kwa upole kile nini. Akasema, "Mzee, hiyo ni oili ya kupaka nguzo. Niliitundika juu kwa sababu mbuzi waliimwaga ile ya kwanza. Na hivyo vitambaa ni vya kunionyesha mahali pa kugonga misumari. Niliona minazi imesimama kwa mstari, nikasema hizi ni nguzo Mungu ametupatia bure."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuja. Akasema ndiyo, bibi mmoja alikuja na kikapu asubuhi. Fundi alimwamkia, naye bibi akasimama mbali akamuuliza ni nani aliyemwambia kufunga ile minazi. Fundi alimjibu ukweli wake, kwamba ni mwenye shamba. Bibi akageuka, akarudi na kikapu kitupu, na tangu siku ile hakuonekana.

Niliiteremsha ile chupa mwenyewe, nikavifungua vitambaa kimoja kimoja. Watu walikuwa wameanza kukusanyika njiani kutazama, na mkwezi miongoni mwao. Nikawaita. Nikaimimina ile oili mbele yao kwenye mguu wa nguzo, nikawaambia ni oili chafu ya magari, na kitambaa ni fulana kuukuu ya fundi. Walicheka sana, na mimi nilicheka. Mkwezi peke yake ndiye aliyebaki na huzuni kidogo.

"Yaani ni oili tu, Maalim?"

"Ni oili."

"Hata kidogo hakuna?"

Nikamwambia hata kidogo. Akaenda zake akitikisa kichwa, nadhani haniamini mpaka leo.

Nilidhani jambo limekwisha. Nilioga, nikasali alasiri, nikaenda kwa jirani yangu nikiwa na maneno mepesi ya kumchekesha. Nilipobisha hodi alinikaribisha kama kawaida. Alikuwa ameketi barazani akisuka kuti la zamani lililokuwa limekwisha kukauka, la kulazimisha. Hapakuwa na mtu mwingine pale, tulikuwa wawili tu, naye akasema, "Starehe, Maalim."

Nilijua mara moja kwamba bado.

Nikamweleza habari ya chupa. Akasema amekwisha kuambiwa, watoto walimletea habari mbio mbio. Nikamwambia basi njoo uokote nazi zako, dada. Akasuka kidogo, mistari miwili mitatu, bila kunitazama.

"Wewe ulidhani mimi naogopa kago?" akasema. "Kago lina dawa yake, na kama si dawa ni dua, na dua uliyonifundisha ninayo. Siku ile nilipoona vitambaa nilisema moyoni, si kazi ya mdogo wangu hii, kuna mtu kamdanganya. Lakini nikageuka nikaona waya. Waya hauna dua, Maalim. Umeifunga minazi yangu ndani ya shamba lako."

Nikamwambia minazi ni yake na itabaki yake.

"Najua wajua. Mimi na wewe tunajua. Tukishalala chini ya udongo, mwanao atasimama pale, atatazama waya wake, atatazama karatasi yake, na atamwuliza binti yangu umepita wapi kuingia? Na yeye hatakuwa na la kujibu. Hatakuwa mtoto mbaya. Atakuwa haoni tu."

Alikuwa amesema kweli. Mwanangu ni mtu mwema, na angeweza kumdhulumu mtoto wa watu kwa wema wake wote, kwa kuwa hajui. Nami dini niliyosoma inaniambia kwamba amana si chako hata ikikaa nyumbani kwako miaka mia, na kwamba mwenye kuondoka duniani bila kuitaja ataulizwa.

Nilirudi nikamwambia fundi asimame kwanza. Akakubali bila kinyongo, akaenda kupalilia kwake. Kisha nikampigia mwanangu simu. Alinisikiliza vizuri, kama afanyavyo, na yeye ni mtu wa kutafuta njia. Akasema tumnunulie bibi ile minazi, tumpe cha haki na zaidi, tuwe tumemaliza. Nikamwambia hatauza kilichopandwa na baba yake, na hata mimi singemwuliza. Basi tumwekee mlango, akasema, tumpe ufunguo. Nilipompelekea dada wazo hilo alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema aliyepewa ufunguo ni mgeni aliyekaribishwa. Mwenye mali haazimwi ufunguo wa kuendea mali yake. Basi tuupindishe waya, akasema mwanangu, minazi ibaki nje. Hili nililipenda. Lakini mwenyewe alilitilia shaka kabla sijaweka simu. "Baba, tukiiacha nje, watu watakaokuja watasema mpaka ni waya. Ardhi yetu itakuwa imekwenda. Babu alimpa mwenzake minazi, hakumpa ardhi."

Na yeye pia alikuwa amesema kweli. Nilikaa nikiliwaza jambo hili siku kadhaa, kati ya sala na sala. Zamani maneno yalitosha kwa sababu maneno yanaweza kusema mambo mawili kwa pamoja: ardhi ya huyu, mti wa yule. Waya unasema moja tu, ndani au nje. Minazi ikiwa ndani, dada anapoteza. Ikiwa nje, wanangu wanapoteza. Mke wangu akasema mbona nimekuwa kama mtu aliyefungwa mimi mwenyewe.

Mwanangu alipopata siku yake ya mapumziko alikuja. Nilimwambia twende sote wawili kwa jirani, na afike akiwa na adabu, asikilize. Aliingia, akambusu mkono, akampa shikamoo. Dada akaipokea, akamwuliza habari za Galu na za mtoto wake mdogo, kisha akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akasema twende shambani, mambo ya minazi hayasemwi barazani.

Fundi alikuwa pale, nimemwita. Mkwezi naye alikuwa pale, hakuna aliyemwita. Dada alipita mahali ambapo waya ulikuwa bado haujafika, akasimama baina ya mnazi wa pili na wa tatu. Hapo kuna nafasi pana kuliko nyingine. Zamani ulisimama mnazi wa tano, ukapigwa na radi tukiwa vijana, na mahali pake hapakupandwa kitu tena.

Akamwambia fundi, "Waya wako upitishe nje, mwanangu. Minazi yote iwe ndani."

Mwanangu alinitazama. Mimi nilimtazama dada, nikidhani amekata tamaa, na moyo ukaniuma. Lakini alikuwa hajamaliza. Akamgeukia mwanangu.

"Mara nyingi nilipanda mche hapa. Mbuzi waliula wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikachoka. Sasa umeleta kitu kinachozuia mbuzi. Nina nazi iliyomea kule kwangu, imetoa majani. Nataka kupanda hapa, ndani ya waya wako. Na shimo uchimbe wewe."

Asiyekuwa wa pwani angeona bibi anaomba msaada wa kuchimba. Lakini kila aliyesimama pale alijua uzito wa ombi lile. Kwetu mtu anayelima ardhi ya mwenzake hupanda mihogo, hupanda mahindi, hupanda kunde, na hakuna wa kumwuliza. Hapandi mnazi. Mnazi una umri wa mwanadamu na zaidi. Anayepanda mnazi amesema, mimi nipo hapa na watoto wangu watakuwepo. Minazi minne ya zamani ilikuwa ahadi ya baba yangu, na ingekufa pamoja na uzee wake, na haki ya dada ingezeeka nayo ikaanguka. Mche mpya ungekuwa ahadi ya mwanangu. Ndiyo sababu hakuniomba mimi.

Mkwezi akasema kwa sauti ya chini, "Bibi amefunga yeye." Hakuna aliyecheka.

Nilitamani kumwambia mwanangu, chimba. Ulimi wangu ulikuwa juu ya neno hilo. Nikamwomba Mwenyezi Mungu anipe subira ya kunyamaza, akanipa. Ningemwamrisha angechimba, na shimo lingekuwa langu.

Alisimama akitazama chini. Aliiangalia ile nafasi, akaangalia minazi, akaangalia waya ulioishia pembeni. Najua alichokuwa anahesabu, kivuli cha mnazi juu ya bilinganya zake, na watoto wake, na watoto wa binti wa dada ambao hajawaona. Kisha akamwuliza, "Bibi, akija binti yako, au watoto wake, nitawajuaje?"

"Watakuletea nazi mbili," dada akajibu. "Usipowaona wakileta, si wangu. Wafukuze."

Mwanangu akavua viatu vyake vya kazini, akaviweka juu ya nguzo, akaliomba jembe la fundi.

Alichimba vibaya, kwa kuwa amekaa mjini, na dada hakumhurumia. Lizidishe upana. Udongo wa juu weka huku, wa chini weka kule. Huchimbi kaburi la paka. Mwanangu alitokwa na jasho mpaka shati likamganda. Dada alienda kwake akarudi ameukumbatia mche kama anavyobebwa mtoto aliyelala, na kwenye ncha ya kanga amefungia chumvi ya mawe na majivu. Akavinyunyiza shimoni, akapiga bismillahi, na wote wawili wakauteremsha mche kwa mikono yao minne. Niliwaita mkwezi na fundi wakaribie, nikawaambia wawe mashahidi. Nikasema maneno yale yale niliyoyasikia kwa baba yangu, ardhi ni ya huyu na minazi ni ya yule. Mwanangu akayarudia kwa kinywa chake bila kuombwa. Fundi akasema amina, akavua kofia.

Yeye ndiye aliyeona kwamba sasa kunatakiwa mahali pa kupitia. Alitengeneza kilango kidogo upande wa nyumba ya dada, hakina kufuli. Kinafungwa kwa kitanzi cha waya kinachovikwa juu ya nguzo, na alikiweka katikati ili mkono ukifikie kutoka nje na kutoka ndani sawasawa. Dada alikijaribu mara kadhaa. Akamlaumu kwamba kinakwaruza, naye akakipiga nyundo kidogo mpaka kikaacha.

Bilinganya zilipandwa na zikatoka, alhamdulillahi, si nyingi kama alivyotarajia mwanangu lakini zimetosha kumfanya asirudi nyuma. Nyani huingia wanapotaka. Mbuzi husimama nje asubuhi na kutazama.

Juzi niliteremka kumwagilia nikamkuta dada amekwisha kuingia, ameinama kwenye mche wake aking'oa magugu. Una majani matano sasa, na la sita limekunjika katikati. Nilimpa salamu. Akaitikia bila kuinuka, akaniambia yule mtoto wangu alichimba shimo limekaa upande, na mnazi huu utakua umeinama kuelekea bondeni kama mtu anayesikiliza habari za watu.

"Mwambie akija alete jembe, mdogo wangu," akasema. "Tuunyooshe ungali mchanga."

Nikamwambia nitamwambia.